Shuka la Udongo

Uwanja uliosifiwa kwa usafi kuliko viwanja vyote vya mtaa ule ndio uliokuwa ukimla mtoto, na aliyeuamsha kila alfajiri ni bibi yake mwenyewe, kwa ufagio na kwa mapenzi.

Bibi huyo alikuwa na namna yake ya kufagia. Alianzia langoni akirudi kinyumenyume hadi kizingitini, mkono mmoja mgongoni, mwingine ukipeleka ufagio wa njiti kushoto na kulia, kushoto na kulia, mpaka ardhi ikajaa nusu duara ndogondogo zilizopangana kama magamba ya samaki. Kwa kuwa alirudi nyuma, hakuacha unyayo hata mmoja. Jua lilipotokeza, uwanja ulikuwa umelala pale mtupu, bila jani wala unyasi, na vumbi jembamba bado likielea juu yake, likimetameta kana kwamba linasubiri kuambiwa liende wapi. Wageni walisita langoni. Wengine walivua viatu bila kuombwa. Mtaa ulimwita Bibi Ufagio, naye alilipokea jina hilo kama askari apokeavyo nishani.

Nyuma ya ufagio, katika vumbi lile lile, alikuja Chiriku. Alikuwa na miaka minne, na jina hilo alipewa kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kufunga mdomo. Alisalimia ndoo. Alimuuliza paka habari za nyumbani kwao. Alimsimulia bibi yake ndoto ndefu ambazo bibi aliapa kuwa ni uongo mtupu, kisha akamwomba aendelee. Aliketi katikati ya magamba ya bibi, akachora kwa kidole, akalamba kidole, akachora tena.

“Tamu,” alisema siku moja, na watu wazima wakacheka.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Walimwita Sindano, nusu kwa kazi yake na nusu kwa ulimi wake. Cherehani yake ya miguu ilikaa barazani, na kutoka pale aliuona uwanja wote, tangu lango hadi banda lililo nyuma ya jiko. Katika banda hilo mumewe, na kabla yake baba wa mumewe, walikuwa wakivunja betri mbovu za magari. Walizipasua kwa shoka, wakamwaga tindikali ardhini, wakatoa sahani za risasi, yale madini mazito ya kijivu, wakaziyeyusha kwenye karai juu ya makaa mpaka zikawa uji unaong'aa kama mwezi. Uji huo waliumimina kwenye vibati, ukaganda, ukauzwa. Kazi hiyo ndiyo iliyojenga nyumba. Mwaka uliopita ilipigwa marufuku, na mume akageukia kutengeneza feni na redio. Moshi uliondoka, na wote waliamini kwamba risasi imeondoka na moshi wake.

Haikuondoka. Ilikuwa imetua, ikalala, na kila alfajiri mtu aliibembeleza ikaamka.

Maneno yalianza kumtoka Chiriku moja moja, kama vifungo vya shati kuukuu. Kwanza liliondoka neno la ndoo. Alisimama mbele yake, akaitazama tu. Kisha likaondoka jina la paka. Kisha ndoto zikawa fupi, zikawa nusu ndoto, na mwishowe bibi akimwambia, “Nisimulie,” mtoto alimkodolea macho kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Tumbo lilimsokota. Chakula alikisukuma. Alilala akiwa ameketi, mchana kweupe, kidole kikiwa bado mdomoni.

Bibi alisema mtoto anakua, na anayekua hutulia. Baba alisema pengine ni minyoo. Sindano hakungoja. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda naye zahanati, na huko muuguzi alimchoma Chiriku ncha ya kidole, akakamua tone moja la damu, akalipeleka kupimwa. Walipoitwa tena, muuguzi hakumung'unya maneno. Damu ya mtoto ilikuwa na risasi, tena nyingi. Dawa ya kwanza, alisema, si chupa wala sindano. Ni kumwondolea mtoto anachokila. Akaandika maziwa, mayai, dagaa na mboga za majani, akaandika na tarehe ya kurudi, kisha akauliza baba wa mtoto anafanya kazi gani, na Sindano akahisi baraza yake, nyumba yake na mumewe wote wakimpita mbele ya macho taratibu, kama nguo zinazoelea majini.

Wiki hiyo hiyo, kwa taarifa ya zahanati, akaja mpima udongo.

Alikuwa binti mwembamba mwenye viatu vizito, na mkononi alibeba chombo ambacho Sindano alikiona kama pasi isiyo na waya. Alikiweka ardhini, akabonyeza, akasubiri, akasoma namba, akapiga hatua tatu, akakiweka tena, kama mtu anayeupiga pasi uwanja wote kiraka kwa kiraka. Bandani namba zilipanda sana, na hilo walilitegemea. Ila uwanjani nako, pale palipong'aa, pale penye magamba mazuri ya samaki, namba zilipanda pia, na zilipanda zaidi karibu na kizingiti.

“Nani anafagia hapa?” binti aliuliza.

Wote walimwonyesha Bibi Ufagio kwa fahari. Bibi mwenyewe alinyoosha mgongo.

Mpima udongo alitazama chini. Alieleza polepole, kwa heshima, kwamba ardhi yenye nyasi hulishika vumbi lake, na ardhi yenye unyevu hulishika pia. Ila ardhi iliyofagiwa mpaka ikawa uchi haina cha kushikia. Kila asubuhi ufagio uliizoa risasi iliyotapakaa kutoka bandani, ukaivuta kuelekea nyumbani, ukairusha hewani kwa kimo cha mtoto. Hakusema ni kosa la mtu. Lakini bibi alikuwa ameshasikia.

“Miaka arobaini,” alisema. “Miaka arobaini nafagia. Leo nimekuwa mpishi wa sumu.”

Akaingia ndani, akafunga mlango, na ufagio akaingia nao.

Sindano alimuuliza binti njia ya kuusafisha udongo. Njia ya wenye viwanda, binti alisema, ni malori na mashine: kuchimba, kubeba, kutupa mbali, kuleta udongo mwingine. Kwa nyumba ya watu wa kawaida hilo ni ndoto ya mchana. Kisha akachuchumaa, akaokota kijiti, akachora mistari minne ardhini. Makapi ya bandani, udongo na mabaki ya betri, ambayo ndiyo makali kupita yote, yatachimbwa yakiwa yamelowa, yafungwe kwenye mapipa, ofisi yake itayachukua. Uwanja utabaki ulipo. Watauloweka maji, watauchanganya na mifupa ya samaki iliyochemshwa, ikakauka, ikasagwa laini.

“Mifupa,” alisema mume, ambaye muda wote alikuwa amesimama kama mtu aliyesahauliwa na mwenyeji wake. “Ya samaki. Hawa hawa?”

“Hawa hawa, kaka. Ndani ya mfupa mna kitu ambacho risasi inakipenda. Zikikutana zinashikana, zinageuka kitu kigumu. Hata mtoto akikimeza, tumbo linashindwa kukifungua.” Alionyesha mstari wa tatu na wa nne. “Juu yake kitambaa kigumu, ili kesho na keshokutwa mtu akichimba ajue amefika asipotakiwa kupita. Juu ya kitambaa udongo safi, shubiri moja na zaidi. Halafu nyasi.”

“Kwa hiyo hatuutoi,” alisema Sindano. “Tunaulaza.”

“Mnaulaza. Na ukishalala, pasiwe na wa kuuamsha.”

Alimtazama Sindano alipolisema hilo, kisha akautazama mlango uliofungwa.

Jioni mume alimwendea mama yake, na maneno yao Sindano aliyasikia kupitia ukuta kwa vipande. Mwishowe walikubaliana: bibi ataondoka na Chiriku wakakae kwa kaka mkubwa wa mume, mtaa wa tatu, mpaka kazi iishe. Bibi aliapa mbele ya mwanawe kwamba hatagusa uwanja. Aliondoka na kifurushi cha nguo, mtoto begani na ufagio kwapani. Ufagio ule mpini wake ulichongwa na marehemu mumewe mwaka waliooana; njiti zilibadilishwa mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, ila mpini ulikuwa ule ule, umelainika kwa kiganja chake hadi ukachukua umbo la vidole.

Ndipo zikaanza siku ambazo Sindano baadaye alizikumbuka kama mtu akumbukavyo homa. Mume aliwazungukia wakaanga samaki na toroli, nao walimpa mifupa na vichwa kwa vicheko, wakimuuliza tangu lini amefungua hoteli ya paka. Mifupa ilichemshwa kwenye mapipa, ikaanikwa juu ya bati, ikatwangwa, ikachekechwa kama unga. Ilinuka. Paka wa mtaa mzima walikaa ukutani kama wazee wa baraza, wakisubiri kutajwa kwenye urithi. Sindano yeye alikusanya magunia matupu ya nafaka, akayafua mbali na nyumba, akayafumua, akaketi kwenye cherehani ili kuyaunga. Gunia na gunia, mshono mara mbili, pindo likunjwe lisiachie. Kitambaa kilikua kikashuka mapajani, kikateremka barazani, kikatandaa ngazi zote. Mguu wake ulikanyaga, gurudumu likazunguka, na katika mngurumo ule wa mchana mrefu alianza kuona vitu.

Aliuona uwanja kama mnyama mkubwa mwenye magamba, amelala, pumzi yake ni vumbi. Tumboni mwa mnyama aliyaona maneno ya mwanawe, yote, yamelala yamekunjana: ndoo, paka, habari za nyumbani. Hayakuwa yamekufa. Aliwaza kwamba kama angeshona shuka kubwa la kutosha, laini, bila tundu, mnyama angelala usingizi mzito hadi mdomo ukafunguka wenyewe, na maneno yangetoka moja moja yakamrudia mwenyewe. Kisha uzi ulikatika, akaamka, akatunga uzi mwingine.

Makapi ya bandani yaliondoka kwenye mapipa. Uwanja ukalowekwa, mume akautifua kwa jembe, wakanyunyiza unga wa mifupa na kuuchanganya, wakaulowesha tena. Ulibaki na rangi ya uji wa majivu. Mpima udongo alikuja, akaukanyaga kwa ncha ya kiatu, akasema uachwe utulie siku chache, usiguswe, kisha shuka litandikwe. Usiku ule Sindano alilala kama jiwe kwa mara ya kwanza tangu siku ya zahanati.

Alfajiri, usingizini, alisikia mnong'ono. Shh, shh, shh. Alidhani ni maneno yanarudi. Yalikuwa yanakuja kutoka langoni, mengi, yakisuguana, yakikaribia kizingiti, naye alitabasamu akiwa bado amefumba macho. Shh, shh. Kisha akaujua mdundo ule, kushoto na kulia, kushoto na kulia.

Alitoka mbio bila khanga. Juu ya uwanja palisimama wingu la kijivu, limekaa tuli, jua la kwanza likiingia ndani yake na kuligeuza dhahabu, kitu cha kupendeza kuliko vyote alivyowahi kuona. Ndani ya wingu Bibi Ufagio alikuwa akirudi kinyumenyume, mkono mgongoni. Udongo wa juu ulikuwa umeshakauka. Unga wa mifupa alikuwa ameufagia chungu chungu, na rundo la kwanza lilikuwa limekwishazolewa na kutupwa nyuma ya jiko. Alikuwa amerudi kabla ya siku yake kwa sababu ilimuuma, alisema baadaye, kulala nyumba ya watu huku uwanja wake ukinuka kama soko lililofungwa. Alitaka mwanawe na mkwewe waamke wakute pamependeza. Alikuwa amesahau kiapo chake, au alifikiri kiapo kinahusu uchafu, na usafi haumo.

Na nyuma ya ufagio, katikati ya magamba mapya, alikuwa ameketi Chiriku. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Kidole kilikuwa mdomoni.

Sindano alimbeba mtoto, akamvua nguo, akamwosha uso, mikono, kinywa, chini ya kila ukucha, akabadilisha maji mara tatu, akamkabidhi kwa baba yake aliyekuwa amesimama mlangoni amepigwa na butwaa. Kisha alirudi uwanjani na kufanya jambo ambalo mke wa mtu hamfanyii mama wa mume. Alimpokonya ufagio mkononi.

Hakuuvuta kwa nguvu. Bibi ndiye aliyeuachia, kwa mshangao. Lakini mtaa uliokuwa umeanza kuchungulia ukutani uliona kupokonya, na kwa haki kabisa.

Siku hiyo nzima walifanya kazi upya. Walilowesha, wakarudisha mifupa, wakachanganya, wakalowesha tena, na Sindano hakutaka kusubiri siku nyingine hata moja. Mchana walitandika shuka. Lilishuka uwanjani polepole, hewa ikaliinua kutoka chini likavimba, kwa kitambo kidogo ardhi yote ikaonekana kuvuta pumzi, kisha ikatulia. Ilibaki sehemu moja katikati ambapo vipande viwili vikubwa vilikutana. Hapo Sindano alipiga magoti na sindano ya magunia. Kabla ya kushona aliulaza ufagio ndani, juu ya udongo uliolowa, akaunyoosha vizuri kama mtu anayemnyoosha mgonjwa.

“Mama Chiriku,” mume alimwita kwa sauti ya chini. “Ule mpini ni wa baba.”

“Najua ni wa nani.”

“Basi chomoa.”

“Baba Chiriku,” alisema bila kuinua kichwa, “nipishe kivuli chako. Sioni mshono.”

Alishona hadi mwisho, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. Kisha wakamwaga juu yake udongo safi kutoka shambani kwa ndugu wa mume, shubiri moja na nusu, wakapanda vipandikizi vya nyasi mstari kwa mstari. Bibi Ufagio alitazama yote akiwa kizingitini. Mikono yake ilining'inia, na vidole vilikuwa vimekunjwa kidogo, bado vimeshika mpini usiokuwepo.

Tangu siku ile hakumsemesha mkwewe. Alirudi kwa mwana mkubwa, na Chiriku hakurudi naye. Miezi ikapita. Nyasi zilishika kwanza kama ndevu za kijana, kisha zikafunga. Asubuhi ziliamka na umande, na nyumba ile ambayo zamani iliamka na vumbi sasa iliamka na unyevu na ukimya. Sakafu zilipigwa deki kwa kitambaa kilicholowa. Nguo za kazi za mume zilichomwa. Mtaani walisema Sindano ni mvivu, kwamba amemfukuza mama wa watu ili apate kulala mpaka jua kali, na kwamba nyoka atakuja kuzaa kwenye zile nyasi. Wengine, baada ya kusema hivyo, walimfuata pembeni wakamuuliza magunia alitoa wapi.

Tarehe ya zahanati ilipofika walimchoma Chiriku kidole tena. Namba ilikuwa imeshuka. Haikuwa imefika inapotakiwa, muuguzi alisema, na hakuna wa kuahidi kwamba kila kilichopotea kitarudi. Ila imeshuka, nayo iendelee hivyo hivyo. Wakiwa njiani kurudi, Chiriku alimkumbatia mama yake shingoni na kuitazama ndoo iliyoachwa bombani. Aliitazama kwa muda mrefu.

“Ndoo,” alisema.

Sindano alisimama katikati ya barabara. Watu walimpita kulia na kushoto, wakamsonya. Hakuwaona.

Jumapili iliyofuata kikaitishwa kikao.

Aliyekiitisha ni kaka mkubwa, shemeji yake Sindano, mtu wa sauti nzito aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula. Walikaa sebuleni, dirisha wazi, harufu ya nyasi ikiingia. Bibi Ufagio aliketi kwenye kiti kilichoelekea mlango ili asiuone uwanja. Alikuwa amepungua. Shemeji alieleza kwa kirefu kwamba hakuna anayebisha habari ya udongo, wataalamu wamesema na wamesikika. Kesi iliyopo ni ya heshima. Mama amepokonywa kitu mkononi mbele ya majirani. Mpini wa marehemu umezikwa kama mbwa. Mama anataka kurudi nyumbani kwake, lakini harudi nyumba ambayo imemdhalilisha. Kwa hiyo mambo ni mawili: ufagio uchimbuliwe, na mkwe aombe radhi.

Mume alikohoa, akasema kosa la kwanza ni lake na la marehemu baba yake, kwani wao ndio walioileta risasi nyumbani. Shemeji alimwambia asichanganye mafaili.

Sindano alisema uwanja hauchanwi. Alisema kwa upole, akimtazama mama mkwe na si shemeji. Akichana mshono ule amefungua mlango, na yeye hafungui.

Hapo Bibi Ufagio akanyanyua mkono, na mwanawe mkubwa, aliyekuwa amefungua mdomo kubisha, akaufunga.

“Uacheni mpini hapo ulipo,” alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kutumika kwa mkwe wake. “Mimi siutaki tena. Mwanangu, mke wa mwanangu, nataka neno moja tu. Niombe radhi, nirudi nikae na mjukuu wangu.”

Nje, Chiriku alikuwa akicheza juu ya nyasi, na sauti yake iliingia kwa vipande, bado neno hapa na neno pale, kama mtu anayejaribu funguo.

“Unajua kwa nini nalitaka?” bibi aliendelea. “Nilikuwa na mtoto wa kati, kati ya hawa wawili. Alichelewa kutembea. Akachelewa kusema. Akachelewa kila kitu, halafu akawahi kuondoka. Alikuwa akikaa nyuma ya ufagio wangu, vile vile. Ukiniomba radhi, itakuwa ufagio haukuwa na kosa. Nitalala.”

Shemeji aliinamisha kichwa. Mume alifunika uso kwa viganja vyake, viganja vilivyovunja betri miaka kumi na tano.

Sindano aliinuka kitini, akaja akapiga magoti miguuni mwa mama mkwe wake, na shemeji akashusha pumzi, maana aliona jambo linakwisha. Alimshika mikono miwili, akamkunjua vidole, kimoja kimoja, mpaka viganja vikabaki wazi mapajani. Alimwambia kwamba siku zile yeye bibi hakujua, na asiyejua hana hatia, na kama kuna mtu wa kumwambia mtoto wa kati samahani ni wale walioijua tindikali wakaimwaga. Alimwambia chumba chake kimepigwa deki na mashuka yamebadilishwa, arudi leo leo. Alimwambia atampikia, atamfulia, na akiugua atamwogesha kama alivyomwogesha Chiriku, mpaka chini ya kila ukucha.

“Lakini nisikilize, mama. Mimi nilijua. Ufagio nilikunyang'anya nikijua, nikauzika nikijua, na kesho ukifagia nitakunyang'anya tena. Nikikuomba radhi leo, kesho asubuhi utakuwa na ufagio mpya mkononi, na moyo mweupe kabisa.”

“Kwa hiyo?” aliuliza bibi.

Dirishani, Chiriku alikuwa amesimama kwenye nyasi zilizomfika vifundoni, akimwita paka kwa jina.

“Kwa hiyo sikuombi radhi,” alisema Sindano.